Mtoto wa Damu Mbili: Riwaya ya "Petit pays" Isomwapo Rumonge

Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda. Mwaka 2013 alitoa albamu ya nyimbo aliyoiita Pili-pili sur un croissant au beurre, na msomaji wetu hahitaji kamusi kulitambua neno la kwanza la jina hilo. Mwaka 2016 ikafuata riwaya yake, Petit pays, iliyopata mwaka huo huo tuzo ya Goncourt itolewayo na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa. Wengi wameisoma kama riwaya ya vita. Sisi walimu wa Kiswahili yatupasa kuisoma kwa swali jingine pia: mtoto wa damu mbili hukua vipi, na lugha yetu humwita nani?

Tuanze na kisa. Gabriel, au Gaby, mwenye umri wa miaka 10, anaishi na Michel na Yvonne, wazazi wake, pamoja na dadake Ana, katika njia isiyo na pa kutokea mtaani Kinanira, Bujumbura. Baba Mfaransa hataki kuondoka Burundi. Mama Mnyarwanda, aliyeingia Burundi kama mkimbizi, ndiye anayeiota Ufaransa. Gaby na rafiki zake huiba maembe ya majirani na kujiona wafalme wa njia yao. Mwezi Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye anauawa; Aprili 1994 mauaji ya kimbari yanaanza Rwanda. Hapo Gino, rafiki mpenzi wa Gaby, naye akiwa mtoto wa Mbelgiji na Mnyarwanda, anamtaka achague upande. Gaby anakimbilia vitabu anavyoazimwa na jirani Mgiriki. Mwisho wake analazimishwa kushiriki katika kumwua mtu.

Ubora wa riwaya umo katika Gino na Gaby. Mwandishi angeweza kumpa Gaby mpinzani mwenye asili moja, nasi tungeelewa kwa urahisi mno. Badala yake amewaweka watoto wawili wenye asili zinazofanana, mmoja akiona kuwa nusu ya damu yake ndiyo yote, mwingine akikataa kujikata. Funzo liko wazi: damu haisemi kitu yenyewe; husemeshwa na watu na nyakati. Kasoro tunayoiona iko katika fani. Mara nyingine sauti ya mtoto humezwa na ya mtu mzima mwenye tamathali nyingi, na msomaji huacha kumwona Gaby akaanza kumwona mwandishi.

Sasa tuje kwenye neno. Mwalimu atakayewaeleza wanafunzi wake riwaya hii atakwama mapema kwenye neno la Kifaransa métis. Tunalo chotara, ambalo mara nyingi hutamkwa kwa kejeli. Wazee walikuwa na suriama, neno lililobeba utumwa ndani yake kwa kuwa mzizi wake ni suria. Mahuluti ni la adabu zaidi, lakini hulingana na vitu kuliko watu. Wala neno la Kifaransa si safi. Wakati wa utawala wa Wabelgiji katika Kongo na Ruanda-Urundi, watoto wa aina hii walitengwa na mama zao wakapelekwa kulelewa katika misheni. Serikali ya Ubelgiji iliomba radhi kwa jambo hilo mwaka 2019. Kwa hiyo ugumu wa kutafsiri hapa hautokani na uchache wa msamiati. Kila jina lililopo lilitungwa na mtu aliyesimama nje akimtazama mtoto.

Mwambao wa Rumonge, kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, una jibu lake. Katika mji huu wa mawese, ndagala na mukeke, misafara ya karne ya 19 iliwaleta wafanya biashara kutoka Ujiji na pwani. Wakaja Wamanyema, wakaja Wabembe kutoka ng'ambo ya ziwa. Wakaoa na kuolewa na Warundi, na wajukuu wao wakaitwa Waswahili. Mtoto wa Rumonge aweza kuwa na nyanya Mrundi, babu Mmanyema na mjomba Kigoma, asiulizwe ni nusu ya nani. Uchanganyiko wa Gaby ni wa wazazi wawili. Huu ni wa jamii nzima, wenye lugha na mji wake. Upande huu wa nchi hauna uzito katika riwaya, na hilo ni pengo.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Katika mazungumzo ya Kirundi, kumwita mtu Mswahili kumekuwa mara nyingi ni kumwita mjanja na mwongo. Wala jina hili si ngao. Uasi wa tarehe 29 Aprili 1972 ulianzia Rumonge na Nyanza-Lac, Watutsi wengi wakauawa. Kisha jeshi likawaua Wahutu kwa maelfu nchini kote, na wengine wakakimbilia Tanzania. Machi 1995 Bwiza na Buyenzi, mitaa ya Bujumbura iliyokuwa bado na watu wa kila asili, ilishambuliwa, watu wakatawanyika. Njia ya Gaby na mitaa ya Waswahili ziliangukiwa na mkono mmoja.

Kwa sababu hiyo tunaipendekeza Petit pays kwa walimu wenzetu, hasa wale wa mwambao, waisome na kuwasimulia wanafunzi kwa Kiswahili. Na mwalimu akisha kuisimulia, asiwape insha ya kuwauliza wao ni kabila gani. Awaambie wamtafutie Gaby jina ambalo wao wenyewe wangekubali kuitwa. Huenda darasa zima likashindwa. Kushindwa huko nako kutawafundisha jambo, na huenda siku moja mmoja wao akalitunga neno hilo.