Mshono wa Bati

Boneti ya Subaru Legacy, iliyobonyea na kupata ufa, ilikuwa imelazwa juu ya matairi mawili. Kabla hajashika nyundo, fundi mmoja mzee alitoa sumaku mfukoni akaipitisha juu yake. Haikunata. Akaipeleka mlangoni mwa gari lilelile, ikanata pap. "Hii ni alumini, ile ni chuma," akamwambia kijana anayemfunza. "Ukisahau hilo, utatoboa mali ya mtu." Tulikuwa Kariobangi Light Industries, Nairobi, ambako nyundo hazinyamazi tangu asubuhi, na mwenye gari alikuwa kando akiuliza mara ya tatu kazi itakwisha saa ngapi.

Alumini haimwambii mtu inapokaribia kuyeyuka. Chuma kikipata moto hutoa habari: huwa chekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano, na fundi anajua lini aondoe mkono. Alumini hubaki na weupe wake uleule, halafu ghafla inadondoka na kuacha tundu. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, ilhali chuma cha gari hukaribia 1,500. Tena imevaa utando mwembamba usioonekana, ambao wenyewe hauyeyuki mpaka nyuzi zipite 2,000. Yaani ngozi inakataa moto wakati nyama imeshaisha.

Basi mzee alifunga oksijeni, akawasha asetilini peke yake. Moto ukafuka moshi mweusi, naye akapaka masizi mahali pote palipobonyea, kando ya ufa. Kisha akafungua oksijeni, moto ukawa safi, akaupitisha taratibu juu ya ule weusi, huku na huku, bila kutua. Masizi yakaanza kufifia pembeni, yakaendelea kufifia kuelekea katikati, yakaisha. Palepale akaondoa moto. Bati lilikuwa limelainika, tayari kugongwa. Hakuna kipimajoto, hakuna kioo cha namba. Nimetazama kazi nyingi Eastlands, kutoka Burma hadi Dandora, na sijaona iliyonifurahisha kama kutoweka kwa masizi yale.

Baada ya kunyoosha, alikata ukanda mwembamba kutoka bati lingine la alumini, akautumia kama kijiti cha kuzibia ufa. Alipomaliza kuchomelea aliagiza maji ya moto. Dawa inayosafisha ule utando wakati wa kuchoma ikiachwa humo hula bati polepole chini ya rangi, na gari litarudi baada ya mvua mbili tatu likiwa na malengelenge. Akasugua kwa brashi, akasuuza, akasugua tena. Mwenye gari hakuelewa kwa nini boneti inaoshwa kabla ya kupakwa rangi, na hakuuliza.

Chuma nacho kina adabu yake. Fundi wa gesi hachomi mshono kutoka mwanzo hadi mwisho kama anayekimbizwa. Anaweka doti huku, doti kule, nyingine katikati, ili joto lisilikunje bati. Kisha anachoma kipande kifupi, na kikiwa bado cha moto msaidizi anakiegemezea chuma kwa nyuma, naye anakigonga kwa mbele. Mshono ukipoa hujikaza na kuvuta bati. Nyundo ndiyo inayourudisha. Ukipitisha kiganja hapo baadaye, huoni pa kukwama.

Chuma na alumini havichomelewi pamoja kwa moto wa gesi, maana vikichanganyika hutoa kitu kikavu kinachokatika kwa kugongwa kidogo. Hapo ndipo ribiti inapotawala. Land Rover ya kwanza, mwaka 1948, ilivishwa alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, lakini chini ilikaa kwenye fremu ya chuma. Pale metali hizo mbili zilipogusana na maji ya mvua, alumini ilianza kugeuka unga mweupe. Wazee waliorithi magari hayo huku kwetu walijifunza kutoboa ribiti zilizooza, kupaka rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, na kuweka kipande cha tyubu kuukuu katikati ili zisigusane tena. Viwanda vikubwa navyo vimerudi kwenye ribiti: Jaguar XJ ya 2003 ilishikanishwa kwa ribiti zaidi ya 3,000 pamoja na gundi.

Na ukitaka kujua mabati ya mlango wa gari yanavyounganishwa, nenda Kamukunji utazame sanduku la shule likikunjwa. Bati la nje la mlango limekunjiwa ukingo wa la ndani vivyo hivyo. Rais Moi alifika pale mwaka 1985 akaahidi vibanda, na jua kali, kazi ya mafundi wadogo kama hawa, ikaanza kutajwa serikalini kwa heshima. Heshima hiyo haikufika kwenye mshono.

Siku hizi palipobonyea hufukiwa kwa fila, ule udongo wa kuziba bati. Ufa hupigwa mashine ya stima haraka haraka, ukalainishwa kwa mashine ya kusaga mpaka bati linabaki jembamba kama karatasi, halafu fila juu, rangi juu ya fila. Linang'aa. Matatu hubandikwa picha za wanamuziki na taa za kila rangi, na nguzo zinazoshika paa hakuna anayeziinamia. Oktoba 2018, huko Fort Ternan, basi lililotoka Nairobi lilipinduka, paa likang'oka lote, na watu zaidi ya 50 wakafa. Nchi ina kiwango cha ujenzi wa bodi za mabasi, KS 372. Kiwango kimeandikwa, anayekitekeleza ni mkono wa mtu aliyepewa muda wa kutosha, na muda ndio tunaomnyima.

Ni sisi wenye magari. Tunafika gereji tukiuliza rangi ni pesa ngapi na kama gari litatoka kabla ya Ijumaa. Sijamsikia mteja hata mmoja akiuliza mshono utachomwa vipi, wala akikubali kuongeza siku moja ili uchomwe sawasawa. Kwa hiyo vijana wanajifunza kile tunachokilipia, na mitungi ya gesi inauzwa mmoja mmoja.