Trela ya Boti Hukaguliwa kwa Kidole

Trela mpya zote zinapendeza. Zikiwa zimepangwa mbele ya karakana, zimefutwa vumbi na matairi yamepakwa dawa ya kung'arisha, ni vigumu kusema ipi itafika mwaka wa kumi na ipi itakatika ekseli kabla ya kaskazi ya pili. Bahari ndiyo itakayozichuja, nayo hupenda kuanzia pale usipopaona: ndani ya mabomba, katikati ya bapa za springi, chini ya rangi, na pale metali mbili za aina tofauti zinapogusana. Kwa hiyo anayenunua trela ya maji chumvi, awe Kilifi, Mtwapa, Msasani au Kunduchi, aende na kitambaa, sumaku ndogo, na kidole chake cha shahada.

Hesabu ya uzito ifanyike nyumbani kabla ya kwenda. Uzito ulioandikwa kwenye karatasi za boti mara nyingi ni wa boti tupu. Ongeza mashine mbili za nguvu za farasi 100, ambazo kila moja ina zaidi ya kilo 150. Ongeza petroli, ambayo lita 200 zake hukaribia kilo 150. Halafu nanga, kamba, betri na sanduku la barafu. Kwenye trela mimi hupenda ibaki nafasi ya kama moja ya tano juu ya jumla hiyo, kwa sababu barabara ya kuingia ufukweni haina huruma.

Sasa fremu. Kinga inayostahili pesa zako ni zinki iliyochovywa kwa moto. Fremu hukatwa, hutobolewa na kuchomelewa yote kwanza, kisha huoshwa kwa tindikali na kuzamishwa nzima katika zinki iliyoyeyuka, joto lake likiwa kama nyuzi 450 za Selsiasi. Humo zinki na chuma huungana, yakatokea matabaka ya mchanganyiko yasiyobanduka kama rangi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 1461 kinataka chuma cha unene wa milimita 3 hadi 6 kipate wastani usiopungua mikroni 70, na chuma kinene zaidi ya hapo mikroni 85. Zinki ya umeme, ile ya boliti zinazometameta dukani, kwa kawaida haivuki mikroni 25. Muuzaji ataziita zote mbili galvanaizi bila kupepesa macho, na huenda yeye mwenyewe hajui tofauti.

Utaijua wewe. Zinki ya kuchovya ina rangi ya kijivu, wakati mwingine imefifia, ina michirizi na matone yaliyogandia kwenye kingo. Ukiona fremu nyororo inayong'aa kama sufuria mpya, ishuku. Lowesha kitambaa kwa tina na usugue mahali pa chini pasipoonekana: rangi ya fedha itahamia kwenye kitambaa, zinki haitahama. Kisha chunguza maungio. Penye welding pawe na kijivu kilekile cha fremu nzima. Ukiona alama za brashi juu ya ungio, na kando yake ukanda uliobabuka, ujue chuma kilipakwa zinki kiwandani kikiwa bado bomba, fundi akaja kukikata na kukichomelea, moto ukaiunguza zinki, na rangi ikaletwa kuficha. Kutu itatokea hapo hapo.

Kidole kina kazi yake. Bomba lililozibwa pande zote haliwezi kuzamishwa katika zinki ya moto, maana hewa na unyevu vilivyomo vikipata joto hulipasua. Fremu ya mabomba iliyochovywa kweli lazima iwe na matundu karibu na kila ncha. Yatafute. Ukiyapata, ingiza kidole uzungushe ndani. Ukigusa mikwaruzo na vinundu vigumu vya zinki, na kidole kikatoka kisafi, fundi huyo amefanya kazi. Kikitoka na ungaunga wa hudhurungi, mshukuru muuzaji uende zako. Matundu hayo yana faida ya pili: ndiyo yatakayoyatoa maji ya bahari na kuingiza maji baridi ya mpira ukirudi nyumbani. Mimi, nikipewa hiari, huchagua fremu ya chuma chenye umbo la C kuliko bomba. Hakina ndani pa kufichia kitu.

Je, aluminiamu? Ni nyepesi, uzito wake ni kama theluthi ya chuma, na haina kutu nyekundu. Ina ugomvi wake, hata hivyo. Boliti ya chuma cha pua ikikutana na aluminiamu mbele ya maji chumvi, inayoliwa ni aluminiamu, polepole, ikitoa unga mweupe kuzunguka boliti. Trela nzuri ya aina hii huwekewa washa za plastiki au nailoni kati ya metali hizo mbili, zikikosekana, usiinunue. Angalia pia mbao za kulalia boti: zikiwa zimetiwa dawa yenye shaba na zimelazwa moja kwa moja juu ya aluminiamu, nazo zitaila. Kwa mtu wa barabara ya lami na mteremko wa saruji, aluminiamu ni chaguo la heshima. Kwa njia zetu za matumbawe na mchanga, nachukua chuma kilichochovywa.

Hapa ndipo sumaku inapofaa. Chuma cha pua cha boliti hakivutwi nayo, au huvutwa kidogo mno, hivyo boliti ikiing'ang'ania sumaku kwa nguvu si ya chuma cha pua, hata ikimeremeta vipi. Lakini sumaku haitakutofautishia daraja. Soma kichwa cha boliti: A2 ni chuma cha pua cha kawaida, A4 kimeongezwa molibdeni na ndicho kinachostahimili bahari.

Kuhusu springi mafundi hubishana sana. Ekseli ya mpira, ambayo mkono wa gurudumu hujisokota ndani ya bomba lenye mipira, huenda kwa ulaini na haina bapa za kukusanya chumvi. Ila ikioza huoza kwa ndani, na siku hiyo unanunua ekseli nzima. Springi za bapa hushika kutu mapema zaidi, kwa kuwa maji hujificha kati ya bapa na bapa, lakini fundi yeyote mwenye spana hukubadilishia kwa mchana mmoja. Kwa mtu aliye mbali na duka la vipuri, naziunga mkono za bapa, mradi bapa zenyewe na yubolti zake ziwe zimechovywa zinki pia. Wauzaji wengi huchovya fremu na kuacha springi na rangi nyeusi.

Kinacholaza trela njiani mara nyingi ni beringi. Habu hupata moto barabarani. Ukifika ukaitumbukiza baharini papo hapo, hewa iliyomo hupoa ghafla na kunywea, na habu huvuta maji kupitia sili ya nyuma. Chumvi ikichanganyika na grisi, grisi hugeuka rangi ya maziwa, na beringi huanza kuchimbika ikiwa imeegeshwa tu uani. Trela iliyotengenezwa na mtu anayeijua bahari ina sili yenye midomo miwili, na kifuniko chenye springi kinachoisukuma grisi ili shinikizo la ndani lizidi kidogo la nje. Usimruhusu kijana wa karakana akijaze kupita kiasi. Grisi itaifukuza sili na kumwagikia breki. Uliza namba ya beringi, iandike, upite nayo maduka mawili ya vipuri mjini kwako. Kama hakuna anayeiuza, uzuri wa habu hiyo hautakusaidia. Kisha nyanyua gurudumu kwa jeki, lizungushe ukisikiliza, ulishike juu na chini ulitikise. Kwa trela mpya, mlio wa mchanga au mchezo mkubwa ni kasoro ya kiwandani.

Breki ni shida ya kudumu ya maji chumvi. Uingereza trela yenye uzito wa jumla unaozidi kilo 750 lazima iwe na breki, kwa hiyo nyingi zilizoundwa kwa soko hilo huja nazo. Zikiwa za ngoma, dai ziwe na bomba dogo la kuziosha kwa ndani. Bila hilo, kutu hubandua bitana za breki.

Bahari yetu ina jambo lake. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na penye ufuko wa mteremko mdogo maji hukimbilia mbali. Trela ya mbao za kulalia inataka boti ielee kwanza, maana yake uizamishe hadi habu. Ya rola huipokea boti mapema, na ukiongeza mkono mrefu wa kuvutia unaweza kushua na kupandisha habu zikiwa kavu au zimelowa kidogo tu. Kwa ufuko, basi, chagua rola, za poliyurethani kuliko mpira mweusi unaoichafua faiba. Hakikisha rola za mwisho zimekaa chini kabisa ya tezi, penye uzito wa mashine. Zikipungukiwa, boti itapinda mgongo.

Yaliyobaki ni mepesi. Taa ziwe kwenye ubao unaofunguliwa kabla ya kushua. Chuna waya kidogo: shaba iliyopakwa bati huonekana nyeupe, na ndiyo inayotakiwa. Winchi iwe na mkanda badala ya kebo ya chuma. Kichwa cha kuungia kilingane na mpira wa gari lako. Cha milimita 50 hakifungi sawasawa juu ya mpira wa inchi 2, unaokizidi kwa chini ya milimita moja. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi lililokaa ghalani muda mrefu si jipya hata kama halijagusa barabara.

Kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji afungue kifuniko cha habu moja uone grisi, na akuongezee seti ya beringi na sili kwenye bei. La pili mnaweza kuelewana. La kwanza akilikataa, nenda kwa mwingine.