Kiti Kitupu cha Emau

Wino hauna weupe. Mchoraji wa rangi za mafuta akitaka nuru, ataichota kwenye kibao chake cha rangi. Mwenye kalamu na wino hana pa kuichota ila kwenye karatasi, kwa kutoigusa. Hilo nimefundishwa na mchoro mmoja ulioko katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam, Cambridge. Kwa muda mrefu umehesabiwa kuwa wa Rembrandt, ingawa wapo wataalamu wanaouona kuwa kazi ya mwanafunzi wake.

Kisa ni cha Luka, sura ya 24. Wanafunzi wawili wa Yesu wanatoka Yerusalemu na msiba wa kifo chake moyoni. Njiani wanaandamana na mtu wasiyemtambua. Jua likielekea kuchwa, wanamsihi alale kwao Emau. Mezani anautwaa mkate, anaumega. Macho yao yanafumbuka, wanatambua kuwa ni Yesu, naye hayupo. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hapa mgeni ndiye aliyemega mkate, na wenyeji wakapona alipokwisha kutoweka.

Wachoraji wengi huchagua pale mkate unapomegwa, maana hapo pana uso wa kuchora. Rembrandt naye, katika picha yake ya mwaka 1648 iliyoko Louvre, Paris, alimweka Yesu mezani na mkate mikononi. Mchoro wa Cambridge umechelewa kwa pumzi moja tu. Kiti kipo, mwenye kukikalia hayupo. Mahali pake nuru imelipuka: mistari ya kalamu inatawanyika, na katikati yake ni karatasi tupu. Wanafunzi wameduwaa.

Wino wa zama za Rembrandt ulipikwa kwa masizi ya kuni, au kwa vivimbe vya mti wa mwaloni vilivyochanganywa na chumvi ya chuma. Masizi, yaleyale tunayoyakwangua kwenye sufuria! Kalamu ilikuwa unyoya wa bata bukini au tete lililochongwa. Ukikaza mkono, ncha hupanuka na mstari hunenepa, ukilegeza, hukonda. Kufuta hakuna. Kisha huja brashi yenye wino uliozimuliwa kwa maji, na kadiri kivuli kinavyosogea, ndivyo karatasi iliyoachwa inavyozidi kuwaka. Basi mchoraji alipaswa kujua, kabla ya kuchovya kalamu, ni wapi mkono wake hautafika.

Nyumba iliyofiwa hukijua kiti ambacho watu hukizunguka bila kukikalia. Nilipouona mchoro huu mara ya kwanza, nilidhani ni huo upweke uliochorwa. Lakini Luka anaendelea: wawili wale waliondoka saa ileile, wakarudi Yerusalemu. Hawakungoja kupambazuke. Ile sehemu ya karatasi isiyoguswa na wino ndiyo taa waliyoondoka nayo.