Dele, Kashata na Maji ya Moto

Muuza kahawa wa Pwani hana kijiko. Ana dele, birika lake la shaba, juu ya jiko dogo la makaa, ndoo ya maji ya kusuuzia, na vikombe vidogo visivyo na mkono anavyovigonganisha vidoleni kwa mlio ambao Mombasa, Lamu na Unguja hakuna asiyeujua. Pembeni kuna kashata. Sukari ya kukoroga hana wala haitaki, kwa sababu ufundi wake wote ni kujua kitu gani kiyeyuke, kiyeyukie wapi, na lini kiachwe.

Shuleni tulifundishwa habari hii kwa chumvi na bilauri. Maji ni kiyeyushi, chumvi ni kiyeyushwa, vikichangamana unapata myeyusho. Ni kweli, ila mfano wenyewe mkavu. Gramu 100 za maji ya kawaida hubeba takriban gramu 36 za chumvi. Yachemshe, zitaongezeka gramu tatu hivi, basi. Moto hauna la kuiambia chumvi. Kafeini ni jambo jingine: maji hayo hayo yakiwa ya kawaida hubeba gramu mbili tu, yakichemka hubeba zaidi ya 60. Mkemia Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge ndiye aliyeitenga kafeini mwaka 1819, baada ya mshairi Goethe kumpa buni azichunguze. Wapika kahawa walikuwa wameshaitoa ndani ya buni karne nyingi kabla yake, bila kuijua kwa jina.

Lakini buni iliyokaangwa haiyeyuki yote, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Karibu theluthi moja tu ya uzito wake ndiyo inayoweza kuingia majini. Iliyobaki ni nyuzi za mmea zisizotii maji hata uchemshe mpaka alfajiri. Na hiyo theluthi nayo haitoki kwa mkupuo. Tindikali hutangulia, utamu mdogo uliomo hufuata, uchungu mzito huja nyuma. Ukiitoa kahawa mapema mno, inakuwa na uchachu usio na kiini. Ukiichelewesha, inakereketa koo. Kahawa chungu na kahawa inayokereketa ni vitu viwili, na wazee wa barazani hawahitaji kipimo kuvitofautisha: huonja funda moja, kisha humtazama muuzaji bila kusema neno.

Ndiyo maana buni hutwangwa. Punje nzima huyapa maji ngozi yake tu, unga huyapa kila upande. Tangawizi nayo hupondwa kwa sababu hiyo, na kwa nyingine zaidi: ukali wake hupenda mafuta kuliko maji, kwa hiyo hauingii kwenye kahawa mpaka ulazimishwe kwa kuchemshwa. Harufu ya iliki huwa na shida iliyo kinyume. Hutoka upesi, halafu hupanda na mvuke ikapotea. Mfuniko wa dele si pambo.

Mtazame anavyomimina. Hatikisi dele. Unga ulio ndani haukuyeyuka, umeelea tu, na kila kinachoelea bila kuyeyuka hutua kikiachwa kitulie. Kafeini haitui kamwe. Uchungu hautui. Kwa hiyo subira yake, wakati dele limekaa kimya juu ya makaa, inafanya kazi ya chujio: mashapo mengi yanabaki chini, kilichoyeyuka kinafuata maji mpaka kikombeni. Tatizo lake ni makaa yenyewe. Maji huondoka kwa mvuke, uchungu hauondoki nayo, hivyo kahawa ya saa kumi ni nzito kuliko ya saa tisa hata kama hakuongeza buni. Muuzaji mzuri huongeza maji ya moto kidogo kidogo. Mvivu hukuuzia lami.

Tuje kwenye kashata, ambayo kwangu ndiyo kilele cha ufundi huu, ingawa mara nyingi hutengenezwa na mtu mwingine jikoni kwake. Mpishi huyeyusha sukari kwenye maji machache, kisha anaanza kuyafukuza maji yale yale. Kadiri yanavyopungua, shira inachemka kwa joto kubwa zaidi: ikifika nyuzi 115 hivi za Selsiasi, tone lake kwenye maji baridi hufinyangika, ikipita 150, tone hukatika kwa mlio. Hapo karanga au nazi huwa imeshaingia, inamwagwa, inakatwa ingali na joto. Myeyusho umefanywa kuwa kitu kigumu, umekatwa vipande na kupangwa kwenye sinia.

Kisha wewe mnywaji unaubatilisha ugumu huo. Unang'ata kashata, unashushia kahawa ya moto, na sukari iliyonyimwa maji jikoni inayapata kinywani mwako. Kikombe kinabaki kichungu, ulimi unapata vyote viwili kwa zamu, na kipimo cha utamu unakiamua mwenyewe kwa meno. Mwenye chai ya mkandaa iliyokwisha kutiwa sukari hana uhuru huo, kwa maana sukari ikishayeyuka haichoti mtu kwa kijiko.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipita baraza ya Jaws Corner pale Mji Mkongwe, Unguja, au baraza yoyote iliyo karibu nawe, usimwombe muuza kahawa sukari. Wala usikoroge. Ng'ata kashata kwanza, na kikombe ukirudishe na mashapo yake.