Kisu cha Springi: Namna ya Kukijua Kabla Hujakilipia

Kwenye minada ya Kishapu na Kahama, na kando ya barabara pale Katoro ambako wachimbaji hununua sululu na tochi, visu hutandazwa juu ya turubai vikiwa vimechanganyika: vya kuchinjia, vya kumenyea viazi, mapanga yaliyofupishwa, na vile vizito vyeusi vya springi ya gari ambavyo mchunga ng'ombe hujifunga kiunoni akaondoka. Mnunuzi huinua kimoja, hukipitishia kidole gumba, hukisifu kinavyong'aa, kisha huanza kuvutana kwenye bei. Amepima mambo mawili yasiyosema lolote juu ya kisu. Makali ya asubuhi moja yanapatikana kwa tupa kwenye chuma chochote kile, na mng'aro ni kazi ya msasa.

Kisu ninachokizungumzia ni cha porini: bapa la sentimita 10 hadi 15, lisilokunjwa, linaloweza kupasua kuni za jioni, kuchonga vigingi vya hema, kuchuna mbuzi na kukata nyanya bila kuiponda. Kifupi kuliko hapo ni cha jikoni. Kirefu kuliko hapo, afadhali ubebe panga.

Tuanze na chuma. Wahunzi wa huku wanapenda springi ya gari, na wana haki. Ina kaboni ya kama asilimia 0.6, kiasi kinachotosha chuma kikomae kikitoka motoni na kutumbukizwa kwenye mafuta. Nondo ya kawaida ya kujengea haina kaboni hiyo. Ipashe utakavyo, kwa kisu cha porini itabaki laini. Kwa hiyo ukiambiwa kisu ni cha springi, umepewa habari za unga tu, za ugali bado. Wauzaji wengi huishia hapo, nao wanunuzi hutosheka.

Siku hizi grenda imerahisisha mambo kupita kiasi. Fundi anachora umbo la kisu kwenye springi, anakata, anatia makali, anapigilia mpini, basi. Moto haukuhusika kabisa. Kisu cha namna hiyo kimebaki na ugumu ule ule ambao kiwanda kiliupa springi ili ipinde na kurudi chini ya mzigo. Hakivunjiki, hilo nakubali, lakini makali yake hulala ukichonga vijiti vichache vya mgunga mkavu. Hata kisu kilichotiwa moto sawasawa, grenda inaweza kukiharibu kinapotiwa makali. Kwenye makali chuma ni chembamba, joto hupanda upesi, na hubaki doa la bluu. Bluu hiyo maana yake chuma kilifika nyuzi 300 hivi na ugumu umepungua. Ukiiona imeandama makali, rudisha kisu juu ya turubai. Tatizo ni kwamba fundi mjanja huipiga msasa, rangi ikatoka, ulegevu ukabaki.

Ndiyo maana natembea na tupa ndogo mfukoni. Omba ruhusa kwanza, maana kuna wauzaji wanaokasirika, halafu ipitishe taratibu kwenye makali, karibu na mpini ambako alama haitaonekana. Kwenye kisu kilichotiwa moto sawasawa tupa itateleza ikilia, haitachukua unga, au itachukua kidogo sana. Sogea mgongoni: hapo inafaa ishike. Ikishika kote, mbele yako kuna springi iliyokatwa tu. Ikiteleza kote mpaka kwenye msuka, ule ulimi wa chuma unaoingia kwenye mpini, kiogope; kitakatika siku utakapokigonga kwa gogo kupasua kuni.

Huku kugawa ugumu ndani ya kipande kimoja cha chuma kunafahamika Geita kuliko mahali pengi, na sababu ni moko, patasi ya kuvunjia mwamba. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa hushuka duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, na nyundo na moko kuutafuta mkanda wa dhahabu ndani ya jiwe gumu. Ncha ya moko isipokomaa, inabonyea. Kichwa kikikomaa nacho, kinameguka chini ya nyundo na kipande kinamrukia usoni. Kwa hiyo machimboni hukosi kibanda cha mhunzi, mvukuto, mkaa, na rundo la moko butu zinazosubiri zamu. Fundi anayerudishia moko ncha hupata majibu yake jioni hiyo hiyo: iliyolegea inaletwa na mwenyewe akiwa amenuna, tena anataka itengenezwe bure. Muuza visu wa mnadani hana mteja wa aina hiyo. Wake atakuwa ameshafika Runzewe kabla kisu hakijaonyesha tabia. Mimi kisu cha kuagiza nampa fundi wa moko, hata kama mpini atauweka vibaya, mpini hubadilishwa.

Kaa umtazame. Bapa linapashwa hadi lifikie wekundu ulioiva, lisipite likawa la manjano. Wapo wanaotumia sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, imefungwa kwenye waya: chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku haikishiki tena, na hapo fundi anajua amebakiza kidogo tu. Kisha kinaingia kwenye mafuta. Hapa fundi wa moko asikuletee mazoea ya kutia maji. Moko ni nene, inaweza kuvumilia. Bapa jembamba la springi likipozwa ghafla kwa maji huweza kupata ufa ambao huuoni mpaka siku ya kazi. Oili chafu ya injini inatosha, ikiwa imepashwa vuguvugu.

Kikitoka kwenye mafuta kisu bado hakijaiva. Ni kigumu mno, kikianguka kwenye sakafu ya saruji kinaweza kuvunjika vipande viwili. Lazima kionje moto tena, mdogo, na kwenye kazi hii ndogo ndipo mafundi hutofautiana. Bapa husuguliwa likawa jeupe, likarudishwa kwenye joto, na rangi zikaanza kujitokeza zenyewe juu ya chuma: manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 220 hivi, kahawia kwenye 260, zambarau, halafu bluu. Makali ya kisu cha porini yakomee kati ya manjano na kahawia. Mgongo ukifika bluu, vizuri zaidi. Nilimwona fundi mmoja huko machimboni akiulaza mgongo wa kisu juu ya kipande kinene cha chuma chekundu, makali yakiwa hewani, akatazama manjano ikitambaa polepole kutoka mgongoni kushuka chini, na bluu ikiifuata nyuma. Manjano ilipoyafikia makali alikizamisha chote kwenye mafuta. Kijana wake alikuwa ameanza kumuuliza jambo. "Ngoja, mwanangu," alisema bila kugeuka, "rangi haingoji mtu."

Macho ya kuusoma moto yana historia ndefu pande hizi za Ziwa Victoria. Warongo waliyeyusha chuma katika misitu ya Geita na Biharamulo, na majembe yao yaliuzwa hadi Usukumani. Kuhusu Buhaya, upande wa magharibi wa ziwa, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha mwaka 1978 ushahidi kwamba wafua chuma wa kale walipata pua kwenye tanuri zao zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Hakuna aliyekuwa na kipimajoto.

Baada ya moto, unene. Springi ya Land Cruiser ina milimita 6 na kuendelea, ya lori huzidi, na fundi mvivu huiacha ilivyo kwa sababu wanunuzi wa huku wamezoea kuuona uzito kuwa ndiyo uimara. Mgongo wa milimita 3 au 4 unatosha kwa kila kazi niliyoitaja. Kishike kisu ncha ikikuelekea, utazame chuma kinavyoshuka kutoka mgongoni: kipungue mfululizo hadi chini. Kikija kinene kisha kikakatwa ghafla kwa pembe butu milimita chache tu juu ya makali, kitapasua kuni vizuri sana na hakitafanya kitu kingine. Kitunguu kitaruka.

Kuna jaribio lingine ninalolipenda, ingawa halifai kufanywa mbele ya muuzaji mwenye haraka. Chukua msumari mnene, ulaze, egemeza makali juu yake kwa mlalo kidogo, kandamiza huku ukivuta. Kwenye mwanga utaona makali yakinyanyuka kidogo pale yanapopita juu ya msumari, kisha yakarudi mahali pake. Yakibaki yamepinda, chuma ni laini. Yakimeguka, hakikurudishwa motoni.

Mpini unanichukulia muda mfupi. Msuka ufike hadi mwisho wa mpini, au angalau upite nusu yake, na noleo libane bila kucheza. Kwa mbao, mpingo hauna mshindani, na mkole ni mzuri kwa anayetaka wepesi. Ngitili, yaani maeneo ya malisho yaliyotengwa na kulindwa, zilizofufuliwa Shinyanga tangu mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 zimeirudisha miti ya namna hiyo karibu na kaya, ila ulizia mwenye ngitili kabla ya kukata tawi. Mti uwe umekauka kivulini. Uliokatwa masika na kuchongwa siku hiyo hiyo utasinyaa kiangazi, na mpini utaanza kugonga. Mipini ya plastiki iliyonakshiwa rangi rangi hupendeza mnadani. Mkono ukiwa na jasho na tope la mwaloni inateleza.

Ala ya ngozi ya ng'ombe ni nzuri kwa kutembea nayo, mbaya kwa kulaza kisu ndani yake mwezi mzima, kwani ngozi huvuta unyevu na springi hushika kutu. Paka mafuta, kilaze nje.

Sasa vya kigeni. Panga la chapa ya mamba lililofupishwa ni kisu cha heshima kwa kuchuna na kukata, chuma chake chembamba hunoleka hata kwenye jiwe la mtoni, lakini usikigonge kwa gogo. Visu vya Mora vya Uswidi, ambavyo watalii huviacha kama zawadi kwa waongozaji, vinadharauliwa huku kwa wepesi wake, nami nadhani wanaovidharau wanakosea. Aina yao ya Companion ina bapa la sentimita 10.4 na unene wa milimita 2.5 tu, na kwa kuchonga inavishinda visu vingi vya springi nilivyovishika. Udhaifu wake ni msuka usiofika mwisho wa mpini. Garberg, yenye milimita 3.2 na msuka kamili, imelitibu hilo kwa bei ambayo huku inanunua mbuzi. Vile vyenye meno ya msumeno mgongoni na dira kwenye kitako cha mpini, waachie waigizaji wa sinema. Mpini wenye uwazi ndani hauna msuka wa kuutegemea.

Ukiamua kuagiza, peleka springi yako mwenyewe. Chukua iliyochakaa bila kukatika. Iliyokatika huwa na nyufa zilizojificha, hasa karibu na tundu la katikati. Mwambie fundi unene unaoutaka kwa milimita, umwonyeshe kwa kidole mahali makali yanapoanzia, na mpatane mapema kwamba tupa itapita siku ya kukabidhiana. Akikubali bila kusita, mpe malipo ya awali. Akikataa, chukua springi yako uende kibanda cha pili.