Msamba wa Mtu Mzima

Kijana wa miaka kumi na mitano hupiga msamba bila kujua ameupigaje. Ninaousifu mimi ni ule wa mtu mzima anayerudi dojo, ukumbi wa karate, baada ya miaka ya kiti cha ofisi na foleni ya Mbagala. Huyo hapewi kitu bure.

Watoto wengi wa Temeke na Kinondoni, Dar es Salaam, waliuona msamba kwenye kibanda cha video kabla hawajamwona sensei, mwalimu wa karate: Jean-Claude Van Damme akivutwa miguu kwa kamba katika Kickboxer, filamu ya 1989. Goju-ryu yenyewe, karate ya Okinawa ambayo Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani aliifundisha pale shule ya Zanaki tangu miaka ya 1970, haiudai sana. Mateke yake mengi huishia tumboni na magotini. Basi msamba ni anasa, na anasa inayotolewa jasho siionei haya.

Zile kamba zilidanganya. Msuli ukivutwa ghafla hujikaza wenyewe kujihami, na ukiulazimisha, hasa wa ndani ya paja, huchanika. Anayejua kazi hukimbia kwanza mchangani Coco Beach hadi jasho limtoke, ndipo hushuka polepole mpaka pale panapovuta bila kuuma, akatulia nusu dakika hivi. Halafu huja jambo ambalo bado linanishangaza: huikaza misuli ileile inayogoma, akikandamiza visigino ardhini kana kwamba anataka kuikunja mikeka katikati. Sekunde chache tu. Akiachia na kutoa pumzi, nyonga hushuka kidogo. Wiki za mwanzo misuli hata hairefuki. Mishipa ya fahamu ndiyo inayozoea na kupunguza kelele.

Msamba wa mbele, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, hufikiwa na wengi wenye subira. Wa pembeni hutegemea pia mfupa, na wapo ambao kwa umbo la nyonga zao hawataufikia maisha yao yote. Sensei mzuri hulitazama hilo mapema: humwambia mwanafunzi aelekeze vidole vya miguu juu na kuinamisha nyonga mbele, kiungo kipate nafasi, na akisikia maumivu ya kubana ndani ya nyonga, humsimamisha. Yule anayemkalia mwanafunzi mgongoni ili ashuke haraka, mimi ningemnyima ada.