Mwosha na Maiti: Uchunguzi wa Ukatili katika Utunzi wa Riwaya

Mabishano juu ya umwagaji damu katika riwaya ya Kiswahili yameendeshwa kwa muda mrefu katika uwanja wa maadili peke yake. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971, swali lililosikika zaidi lilikuwa kama yaliyomo yanawafaa wanafunzi, na kwa muda riwaya hiyo ilizuiwa kusomwa shuleni. Swali jingine, ambalo kwa mhakiki ndilo la msingi, halikupewa nafasi yake: mwandishi anayeeleza kipigo, sumu au kitanzi ameyajuaje hayo anayoyaeleza, na ujuzi huo anautumia kwa kazi gani? Makala hii inakusudia kulichunguza swali hilo la pili. Dai lake ni kwamba jambo la kutisha, hata likichunguzwa kwa makini namna gani, hupata haki ya kuingia katika riwaya pale tu linapoukanusha uwongo fulani. Likikosa kazi hiyo ni pambo, na pambo la damu ni pambo baya.

Mfano ulio wazi ni kifo cha Emma katika Madame Bovary ya Gustave Flaubert, riwaya ambayo nayo ilishtakiwa mahakamani nchini Ufaransa mwaka 1857 kwa kuvunja maadili, ikaachiliwa. Flaubert alikuwa mtoto wa daktari mkuu wa upasuaji katika hospitali ya Rouen, akakulia katika nyumba iliyokuwa ndani ya hospitali hiyo. Alipofika mahali pa kumwua mhusika wake kwa aseniki hakukisia. Msomaji anaonyeshwa ladha mbaya kinywani, kiu, kutapika, baridi inayopanda kutoka miguuni, madoa mwilini, na hata maji meusi yanayomtoka marehemu kinywani anapokuwa akivikwa kwa mazishi. Baadaye Flaubert alimwandikia Hippolyte Taine kwamba alipokuwa akiandika sehemu hiyo yeye mwenyewe aliisikia ladha ya aseniki kinywani, hata tumbo likamchafuka.

Yafaa kuuliza kwa nini maelezo hayo yote yakahitajika. Emma amelelewa na vitabu vya mapenzi ambamo wapenzi hufa kwa utulivu, nyuso zao zikiwa nzuri kuliko walipokuwa hai. Anapoimeza sumu anajilaza akidhani kwamba kufa ni jambo dogo: atasinzia, na yote yatakwisha. Kila dalili inayofuata inakikanusha kitabu kimoja alichokisoma. Hata ladha anayoisikia kwanza ni ladha ya wino. Ujuzi wa kiganga, basi, haukuingizwa hapo ili kumtisha msomaji. Umeletwa kama shahidi dhidi ya uwongo uliomwua mwanamke huyo, na mtu akiyafuta maelezo hayo kwa kuona haya atakuwa ameifuta hukumu ya riwaya nzima.

Kwa kipimo hiki haifai kuzilaumu riwaya zote za Kiswahili zisizoeleza mwili kwa urefu. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, maiti ya Bwana Ali ni fumbo linalowekwa mbele ya akili ya Bwana Msa. Shabaha ya riwaya ni kufikiri, na uwongo unaokanushwa ni ule wa kuwasingizia mizimu kazi ya binadamu. Kwa kazi hiyo maelezo machache yanatosha. Lawama inavistahili vile vijitabu vya upelelezi na ujasusi vilivyofuata kwa wingi, ambamo mtu hupigwa kitako cha bunduki kichwani, akazimia, kisha kabla ya ukurasa kwisha akainuka na kumfukuza adui kwa miguu. Husemwa kwamba vitabu hivyo vina damu nyingi mno. Kasoro yao hasa ni kwamba damu yao haina uzito. Mwandishi hajauliza fuvu la binadamu hustahimili nini, na kwa hiyo msomaji anafundishwa bila kujua kwamba kumpiga mtu ni jambo lisilo na matokeo.

Hata hivyo uchunguzi peke yake haumtakasi mwandishi. Truman Capote, mwandishi wa Marekani, alikwenda Kansas pamoja na Harper Lee kuchunguza mauaji ya watu wanne wa familia moja yaliyotokea tarehe 15 Novemba 1959. Alihoji majirani, wapelelezi na wauaji wenyewe, akakusanya maelfu ya kurasa za maandishi. Kitabu chake, In Cold Blood, kilichotoka mwaka 1966, husifiwa kwa usahihi. Lakini Capote hakuweza kukimaliza mpaka ijulikane hatima ya wauaji wale wawili, waliokuwa wamezoeana naye kwa miaka, na walinyongwa tarehe 14 Aprili 1965. Hapo mtafiti alijikuta akikingoja kifo cha watu kama mkulima anavyoingoja mvua. Zaidi ya hayo, mandhari ya mwisho ya kitabu, makaburini, yamejulikana kuwa ya kubuni. Hatari iliyopo ni bayana: mwandishi anaweza kuyapata maelezo yote, akawa amempoteza mtu.

Kwa mwandishi wa Kenya, mambo haya yote yanakutana mahali pamoja, nako ni kambi ya Hola katika bonde la Mto Tana. Tarehe 3 Machi 1959, mahabusi 85 walilazimishwa kufanya kazi waliyoikataa. Walipigwa, na 11 kati yao wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Sentensi hiyo ni fupi, ina adabu, na haina hata tone la damu. Uchunguzi wa vifo ndio uliothibitisha kwamba walikufa kwa mshtuko na kuvuja damu kutokana na majeraha mengi ya kipigo. Bunge la Uingereza likajadili jambo hilo mwezi Julai mwaka huo, ingawa hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo.

Mhakiki anapaswa kuzilinganisha kauli hizo mbili kama anavyolinganisha mitindo miwili ya uandishi. Ile ya kwanza ni mtindo wa kufunika, na ile ya pili ni mtindo wa kutaja. Mwandishi wa riwaya ya kipindi cha hali ya hatari anayetosheka kusema kwamba mashujaa waliteswa sana wakafariki amechagua, bila kukusudia, mtindo wa ile taarifa ya kwanza. Riwaya za Kiswahili zilizoingia katika kipindi hicho ni chache. Kaburi bila Msalaba ya P. M. Kareithi, iliyochapishwa mwaka 1969, ni miongoni mwao. Wala hazitaongezeka kwa ubora iwapo waandishi wataendelea kurithi maneno ya jumla kutoka katika hotuba za sikukuu.

Nyaraka zipo. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park, na mwaka 2013 ikakubali kuwalipa walalamikaji 5,228 waliodhulumiwa nchini Kenya. Miongoni mwa wazee walioifikisha kesi hiyo mahakamani London alikuwamo manusura wa Hola, ambaye alikuwa amelazwa pamoja na maiti kwa kudhaniwa amekufa. Lakini faili humweleza mtu jinsi afisa alivyomwona. Halisemi mzee huyo alisikia nini alipozinduka.

Kuyajua hayo kunahitaji kuuliza, na hapa ndipo mtafiti anapokabiliwa na tafsida. Bibi aliyetendewa uovu kambini atasema kwamba "aliharibiwa," kisha atanyamaza na kuomba maji. Mtafiti asiye na subira huona kwamba amenyimwa maelezo. Kwa kweli amepewa. Kule kunyamaza, na lile neno moja lililobebeshwa mzigo wa miaka zaidi ya hamsini, ni sehemu ya tendo lenyewe, na riwaya inayokifuta kimya hicho ili kuweka mahali pake maelezo yaliyotolewa katika kitabu cha kiganga itakuwa sahihi kwa habari za mwili na ya uwongo kwa habari za mtu. Aliyeonja mwenyewe ana nafuu katika jambo hili. Shafi Adam Shafi, aliyewahi kufungwa Zanzibar baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972, aliandika Haini, iliyotoka mwaka 2003, na mateso ya Hamza hayasomwi kama mambo ya kuokoteza. Lakini fasihi haiwezi kuwangoja waliofungwa tu.

Utamaduni wa Waswahili unatoa kipimo kinachofaa kwa kazi hii, nacho ni mwosha maiti. Mwosha huona yote. Hawezi kufumba macho, kwa kuwa kazi haitakamilika, lakini huosha mkono ukiwa chini ya shuka, na aibu za mwili alizoziona haendi kuzisimulia barazani. Anajua pia kwamba mwosha huoshwa. Hiyo ndiyo sitara. Lakini sitara ina mpaka wake. Mwosha akikuta jeraha la kisu juu ya mwili wa mtu aliyetangazwa kufa kwa homa, kunyamaza kwake si sitara tena, bali ni kumsaidia muuaji. Hapo analazimika kusema ameona nini, wapi, na kwa ukubwa gani.

Mwandishi wa riwaya yumo katika hali hiyohiyo. Sharti achunguze kila kitu, kwa vitabu vya madaktari, kumbukumbu za mahakama na masimulizi ya wazee, kwani asiyejua hawezi hata kuchagua la kufunika. Kisha afunike yote ambayo ni aibu ya aliyetendewa, na afunue yote ambayo ni hatia ya aliyetenda. Vijitabu vya upelelezi vimekosea kwa kutoangalia. Capote aliangalia kila kitu, lakini mwisho wa kitabu chake ulihitaji maiti mbili zaidi. Flaubert alifunua palipopasa kufunuliwa.

Kazi hii haina muda mrefu wa kungojwa. Waliokuwa vijana mwaka 1959 ni wakongwe sasa, na kila mwaka wanapungua. Mafaili yatabaki baada yao, pamoja na ile sentensi iliyosema kwamba walikunywa maji.